Miguu ya Baba Haikusikia Moto

Kitu cha kwanza kilichotuonyesha kwamba miguu ya baba imeharibika ni kandambili. Ilikuwa Jumapili mchana. Alitoka chooni, akavuka uwanja, akapita jikoni, akafika sebuleni na kuketi, akaanza kutuuliza habari za misa, na mguu wake mmoja ulikuwa mtupu. Kandambili ya pili ilikuwa imebaki katikati ya uwanja, imelala kifudifudi. Tulicheka. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akacheka, kisha akainama kutazama miguu yake, na hapo nikaona kwamba anatafuta kwa macho kitu ambacho mtu hatakiwi kukitafuta kwa macho. Mtu anajua kama amevaa kiatu au hakuvaa. Yeye ilimbidi aangalie.

Niseme mapema kwamba hadithi hii haina daktari mwema anayefika mwishoni. Sina subira na watu wanaosema ugonjwa hufundisha. Ule haukunifundisha kitu. Ulinichukulia baba na kuniachia hasira za karibu, na wanaoishi nami wanajua kwamba hasira hizo bado ninazo.

Baba alikuwa fundi wa karakana katika kampuni ya migodi, hapo Kolwezi, mkoani Katanga. Alizaliwa kambini, katika nyumba za mstari zinazofanana kama meno, na kambini ndiko alikooa na kutuzaa. Aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai ni babu, akiwa kijana, kuja kuchimba shaba. Baba mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona. Kitshiluba chake, lugha ya huko, kilijaa Kiswahili kiasi kwamba wageni waliotoka huko walimcheka mbele yake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni ilipoanza kuporomoka na mishahara ikawa hadithi, wakubwa wa siasa wa Katanga walipata jibu rahisi: Wakasai warudi kwao. Na kwa baba kwao ikawa mahali asipopajua hata harufu ya mvua yake.

Kabla ya hayo ulikuja uvimbe. Ulianza shingoni, vijiwe viwili vitatu chini ya sikio, kisha kwapani. Daktari wa hospitali alisema ni kansa ya tezi, akaanza kumpiga dawa kwenye mshipa, wiki baada ya wiki. Nywele zilianguka, taya likamuuma hata kutafuna bukari, ugali wetu, ikawa kazi, tumbo likafunga. Lakini uvimbe ulishuka! Huwezi kujua furaha ya nyumba yetu. Kila alipotoka hospitali alisimama mlangoni na kuinua kidevu, mama akampapasa shingo kwa vidole vyote, akapiga vigelegele vidogo vya ndani ya nyumba, vya kutosikika nje. Baba aliipenda ile sindano kama mtu anavyompenda mkwe mkorofi aliyemlipia mahari yote.

Kisha vidole vyake vikaanza kushindwa na vifungo vya shati. Alisema vimevaa glavu. Mama akawa anamfunga vifungo kila asubuhi, akimtania kwamba sasa ameoa mtoto. Baada ya vidole ikaja miguu. Nyayo zilianguka sakafuni pa, pa, pa, kwa sababu ncha ya mguu haikuinuka tena alipopiga hatua. Ilimbidi ainue magoti juu kama mtu anayevuka matope, kwenye sakafu kavu ya saruji.

Daktari alikuwa amemweleza yote. Dawa inayoua kansa inagusa pia mishipa ya fahamu, inaanzia kwenye ncha za vidole na kupanda polepole. Ajihadhari na moto, na visu, na misumari. Tena, hali ikizidi, aseme, ili dawa ipunguzwe au isimamishwe kidogo. Baba alisikia neno hilo la mwisho tu. Kwa hiyo alimwambia daktari kwamba ganzi inapungua, na nyumbani hakusema chochote. Aliogopa mama angemshikilia asirudi kule. Alitaka kumaliza sindano zake, basi. Mambo haya tuliyapata baadaye kutoka kinywani mwake mwenyewe, yalipokuwa hayana faida tena.

Kwa kuwa yeye alinyamaza, kila mtu alijitafutia sababu yake. Mama alisema ni baridi ya saruji ya karakana, imemwingia miaka yote ile. Watu wa kanisani walisema amekanyaga dawa iliyotegwa mlangoni, na walilisema hilo wakitazama nyumba za majirani wa Katanga. Siku zile hata ukiumwa jino ilikuwa lazima apatikane mtu aliyelitega.

Jirani wa ukuta mmoja nasi alikuwa mama mmoja wa Musumba, huko Kapanga, na sisi watoto tulimwita hivyo, Mama wa Musumba. Mume wake aliendesha malori makubwa kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba. Yeye na mama yangu waliitana yaya, yaani dada mkubwa, ingawa hakuna aliyejua mkubwa ni nani. Waliazimana chumvi, makala ya jikoni na watoto. Hata vijana wa chama cha wale wakubwa wa siasa walipoanza kupita kambini wakiimba na kutuita bilulu, yaani wadudu, huyu mama aliendelea kuingia kwetu kwa mlango wa uani, bila kubisha, akiwa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, mkononi. Alikuwa na domo na mkono mzito, nami nilimpenda.

Alipoona jinsi baba anavyotembea alisema miguu hiyo inataka kukandwa tu. Atakuja kumkanda yeye mwenyewe, kwa maji ya moto, chumvi na majani, kama walivyomkanda babake.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu kila kitu kilitokea kwa ajili yake. Kwetu, anayekandwa ndiye anayepima maji. Mkandaji hapimi kwa mkono wake. Mikono ya wanawake wanaosonga bukari na kuinua masufuria bila kitambaa imekwisha kuzoea moto, na mwanamke akipima yeye atamwunguza mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa anachovya mkono kwanza, akisema yanavumilika ndipo kazi ianze. Ni desturi ya upole. Sijui kama kuna watu wengine wanaoifuata, lakini kambini kwetu hata mama mzazi aliyejifungua jana huulizwa kabla ya kumwagiwa.

Siku zile za kwanza Mama wa Musumba alimkanda baba na hakuna kilichotokea, kwa sababu makala yalikuwa haba na maji yalikuwa vuguvugu. Kisha mume wake akaleta gunia la makala. Alasiri hiyo nilikuwa nje, chini ya dirisha, naanika mihogo juu ya mkeka, na niliwasikia.

“Tata, ingiza mukono mu maji. Iko namna gani?”

“Iko muzuri, mama. Tena iko na baridi kidogo.”

“Niongeze?”

“Ongeza. Usiogope.”

Nikasikia birika likimiminwa. Akamwuliza tena, naye akajibu tena kwamba iko muzuri. Mama wa Musumba akatoka uani kuchukua majani aliyoyaacha juu ya ukuta, akanisalimu, akalalamika kwamba mbuzi wa mtu fulani ameyatafuna, akarudi ndani akiwa bado anamtukana mbuzi. Baba alikuwa anamwelezea kwa kupaza sauti mechi moja ya zamani ambayo yeye, kwa maneno yake, aliicheza akiwa na malaria na bado akafunga goli.

Kisha nikasikia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Nilikimbia ndani nikidhani vijana wa chama wameingia. Mama wa Musumba alikuwa amepiga magoti, ameshika taulo, na kwenye taulo kulikuwa na ngozi ya mguu wa baba. Mguu wenyewe ulikuwa mwekundu na mweupe. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amemwinamia kwa wasiwasi.

“Kuko nini, mama? Unalilia nini?”

Alidhani mwenzake ndiye aliyeumia.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alifika kabla jua halijashuka. Yeye alikuwa amekwisha kufukuzwa kwenye nyumba yake, akaona kijana akitoka na kitanda chake kichwani, na tangu siku hiyo hakuwa na neno la kawaida mdomoni. Alitazama miguu, akamtazama mama.

“Bale ba inje banatufukuza na mipanga, na humu mu nyumba bananichomea ndugu na maji. Unaacha mwanamuke wa Katanga anamukanda mu hii bipindi? We uko na akili?”

“Mi mwenye nilisema maji iko muzuri,” baba akasema. “Mukono yangu haisikie tena. Munganga aliniambia, ile sindano inakula mishipa.”

“Munganga gani? Ule mwenye alikimbia?”

Kweli alikuwa amekimbia. Baada ya uporaji na misukosuko daktari aliondoka na wengine waliokuwa na njia ya kuondoka, na sindano za baba zikakatika bila mtu kutuambia kwaheri. Muuguzi aliyekuwa akimpiga zile sindano alikuwa Mkasai kama sisi, na wakati huo alikuwa amekwisha kupanda treni na watoto wake. Katika Kolwezi nzima hapakubaki mtu wa kusimama mlangoni kwetu na kusema, huyu mzee anasema ukweli.

Mama alimgeukia baba. “Na kama ulijua, mbona ulinyamaza?”

“Ningesema, ungenikataza.”

 Nilimwona mama anavyolikataa lile neno, analisukuma. Kuamini maneno ya baba kulikuwa ni kuamini kwamba dawa tuliyoipigia vigelegele ndiyo iliyomla, na kwamba mume wake alimficha. Kumwamini baba mdogo kulikuwa rahisi zaidi. Adui alikuwepo, ana sura, na nyumba yake iko upande wa pili wa ukuta. Jioni hiyo mama akaufunga mlango wa uani kwa komeo, mlango ambao sikujua hata kama una komeo.

Asubuhi yake Mama wa Musumba alikuja akaukuta umefungwa. Alisimama nje na sahani yake.

“Yaya, mi sikufanya na roho mubaya. Fungua.”

Mama alikuwa jikoni, mikono ndani ya unga. Baba akaita kutoka chumbani, “Mufungulie!” Mama aliendelea kukanda ule unga mpaka ukawa hauna maana. Mimi nilisimama kati ya mama na mlango, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaonaje.

Na upande wa Mama wa Musumba mambo hayakuwa mazuri. Vijana walipita wakimwita mtumishi wa bilulu, wakamwuliza kama amechoka kuosha miguu ya Wakasai. Mume wake alimkataza kukanyaga kwetu. Kwa hiyo watu wetu walisema alimwunguza baba kwa makusudi, na watu wao walisema kosa lake ni kumgusa. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba asije tena.

Agizo la kuondoka lilipotufikia, baba hakuweza kuvaa viatu. Baba mdogo alimpakia kwenye kigari cha kusukuma cha sokoni, pamoja na godoro na masufuria, akamsukuma mpaka stesheni. Baba alijitahidi kukaa wima njia nzima na kuwasalimu watu kama mtu aliyepanda gari lake. Waliomjua kazini waligeuza macho. Mmoja alimwinulia kofia, nami namkumbuka kwa wema.

Baba alifia njiani, tulipokwisha kuipita Lubudi, behewa likiwa limesimama mahali pasipo na jina. Nalisema hapa ili nisilazimike kulisema tena. Ninachotaka kusimulia kilitokea kabla, pale stesheni, tulipokaa siku nyingi tukingoja treni ambayo kila siku tuliambiwa inakuja.

Watu walikuwa wamejaa kuanzia kwenye reli mpaka barabarani, kila familia na mkeka wake, mizigo yake na mbabula yake, jiko la makala. Mvua ilitupiga, jua likatukausha. Miguu ya baba ikaanza kunuka. Mama alifukuza nzi kwa kipande cha karatasi mpaka mkono ukachoka, nami nikampokea. Baba alitutazama tukihangaika na kusema, “Achaneni nayo. Haiume hata kidogo.” Alilisema kama habari njema. Na mimi, mtoto wake, nilimwomba Mungu ampe baba yangu maumivu. Niliomba kwa moyo wote aumwe, alie, avute mguu, kwa sababu mguu usiouma ulikuwa unakufa mbele yetu na mwenyewe hana habari. Hata hilo sikupewa.

Uvimbe wa shingo ulikuwa umerudi. Mama hakuupapasa, na baba hakuinua tena kidevu. Kitu alichokitaka sasa kilikuwa kimoja, na alikirudia kila alipoamka: Mama wa Musumba asibaki na kosa lisilo lake. “Shiye tunaenda,” alimwambia mama. “Ye anabakia na hii jina. Batoto yake banabakia nayo.” Mama alimpa maji anywe ili anyamaze. Baba mdogo alisema homa imempanda. Nilimwamini baba, lakini imani ya msichana haikuwa na bei yoyote pale. Niliposema, baba mdogo aliniambia nikachote maji.

Siku moja kabla ya mchana nilimwona Mama wa Musumba anakuja. Alikuja peke yake, kitenge kimefunika kichwa, ameshika kifurushi, anapita katikati ya mikeka ya watu ambao kila mmoja alikuwa amenyang’anywa nyumba na mtu wa Katanga kama yeye. Sijui alimdanganya nini mume wake. Alikuwa anatazama nyuso moja moja, anatutafuta.

Baba mdogo alimwona kabla hajatufikia, akasimama.

“Huyu njo mwanamuke alimuchoma ndugu yangu na maji ya moto!”

Hakuhitaji kusema zaidi. Watu waliinuka. Wanaume waliokuwa wamelala siku nzima kwa uchovu waliamka kama waliomwagiwa maji. Mwanamke mmoja alimvuta kitenge, kikaanguka, kifurushi nacho kikaanguka, zikatoka chupa ya mafuta na shuka nyeupe iliyokunjwa vizuri. Mama wa Musumba hakukimbia. Alifunika kichwa kwa mikono na kusema maneno ambayo sikuyatarajia.

“Njo mi. Mi njo nilimuchoma. Nilikuya kuomba musamaha.”

Hata yeye alikuwa amekwisha kuamini kwamba ndiye mwenye kosa! Kijana mmoja akaokota jiwe la reli. Nilipiga kelele, na sauti yangu ikapotea kwenye zile sauti zingine. Mama alikuwa amekaa palepale, haendi huku wala huku.

Baba hakuweza kusimama. Alikuwa ameegemea godoro, karibu na mbabula yetu, na juu ya mbabula sufuria ya maji ya bukari ilikuwa inachemka mpaka kifuniko kinarukaruka. Aliinama, akashika sufuria kwa mikono miwili, viganja vitupu kwenye ubavu wa chuma, akaiinua kutoka kwenye moto. Akaiweka mbele ya kifua chake na kuishika hapo.

“Mumutazame,” alisema.

Hakupaza sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imekauka tangu zile sindano. Waliokuwa karibu waliona kwanza, wakanyamaza, na kunyamaza kukaenda mbele mpaka kumfikia yule mwenye jiwe.

“Ye eko pale. Mi niko hapa. Nani ananiunguza sasa?”

 Harufu ilianza kutoka mikononi mwake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja jibu, umetulia kabisa, hata jasho hakuna. Mikono ilitetemeka kwa uzito tu. Nilitaka kuichukua ile sufuria na mwili wangu haukusogea.

Baba mdogo ndiye aliyemrukia. Alishika sufuria kwa pindo la shati lake, na moto ulipopenya kitambaa alilia kwa sauti, akaitupa, maji yakamwagika kwenye mawe ya reli. Alisimama akivipuliza vidole vyake, machozi yanamtoka, anamtazama kaka yake ambaye hakuwa amelia. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu alikaa chini palepale, pasipo na mkeka.

Baba aligeuza viganja juu. Alivitazama, kisha akanitazama mimi, kwa sababu mwenyewe hakuwa na njia ya kujua.

“Imeungua bien, kabisa?”

“Imeungua, Tata.”

“Bon, muzuri,” akasema. “Mupatie mama kiti.”

Kiti hatukuwa nacho. Mama alijisogeza pembeni ya mkeka, akapangusa mahali kwa kiganja chake, na Mama wa Musumba akaja akakaa.